Geji Yetu na Mstari Uliosinzia

Nianze na ukweli: nilitaka mradi wa mizani kwa sababu nilidhani mizani haihitaji mtu wa kuongea. Unaweka mzigo, namba inatokea, watu wanaangalia namba. Hakuna anayekuangalia wewe. Wenzetu wa klabu ya kilimo walikuwa na sungura, na ukiwa na sungura lazima usimame mbele ueleze wanakula nini na wanazaa mara ngapi, halafu watu wacheke pale kwa kuzaa. Mimi nikiangaliwa na watu zaidi ya wawili, sauti yangu inashuka tumboni na kuganda huko kama uji wa jana.

Rafiki yangu si hivyo. Sisi ni wasichana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa huku pande za Giakanja, na tumekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Yeye akisoma matangazo asubuhi hata ng'ombe wa jirani wa shule wanaacha kutafuna. Kwa hivyo tulipatana mapema: mikono yangu, mdomo wake.

Shida ni kwamba gari la shule ni moja, na lilikuwa na nafasi ya mradi mmoja tu. Naibu wa mwalimu mkuu alitueleza hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa maabara, mikono ndani ya koti. Jumatatu angepita, aangalie mizani, aangalie sungura, kisha aamue nani ataenda mashindano ya kaunti mjini Nyeri.

"Na sitaki hadithi," akasema. "Nataka kitu inafanya kazi."

Niliitaka hiyo nafasi mpaka nikajionea haya. Sijawahi kuchaguliwa kwa jambo lolote. Hata kwaya ya kanisa waliniweka mstari wa nyuma wakaniambia nifungue tu mdomo, sauti watatoa wengine. Usiku nilikuwa nikijiona ndani ya hilo gari, nimepakata mizani kwa magoti, tukiteremka kuelekea mjini, na nilikuwa natabasamu gizani peke yangu kama mtu amepatwa na malaria.

Mizani yenyewe, kwa macho, si kitu. Ni kipande cha chuma bapa, urefu wa mkono wangu, tulichokatiwa na fundi wa kuchomelea kule Karatina. Upande mmoja kimebanwa kwenye ukingo wa meza kwa kibanio, upande mwingine kiko hewani, na hapo mwisho tumening'iniza sahani ya kuwekea mzigo. Ukiweka mzigo, chuma kinapinda. Kinapinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Lakini karibu na kibanio, mahali kinapopinda zaidi, tumebandika geji. Geji ni kikaratasi chembamba, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani yake kuna uzi wa chuma uliokunjwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima mtaro kwa mtaro. Chuma kikipinda, uzi unavutika, na umeme unaopita ndani yake unapata taabu kidogo zaidi. Hiyo taabu ndiyo tunaipima.

Kuna kisanduku cha kunasa vipimo ambacho mwalimu wetu wa fizikia aliazima kwa rafiki yake anayefundisha chuo cha ufundi. Nyaya kutoka kwa geji zinaingia kisandukuni, kisanduku kinaingia kwa kompyuta, na kwenye kompyuta kuna mstari. Ukiweka mzigo mstari unapanda. Ukiondoa unarudi chini. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Wetu ulipanda. Tuliweka paketi ya unga ya kilo mbili, mstari ukaruka juu, rafiki yangu akapiga kelele na kunikumbatia. Halafu, tukiwa bado tumekumbatiana, mstari ukaanza kushuka. Haukuanguka. Ulishuka polepole, kwa adabu, kama kichwa cha mzee anayesinzia wakati wa mahubiri.

"Ati inashuka?" rafiki yangu akasema. "Kwani hiyo unga inapungua?"

Akaichukua paketi akaigeuza, akaikagua chini kama ina tundu. Haikuwa na tundu. Na alipoiondoa kwenye sahani, mstari ukaanguka mpaka chini ya sufuri, mahali ambapo, kwa hesabu yetu, sahani tupu ilikuwa nyepesi kuliko hewa.

"Sawa," akasema. "Tumevumbua kitu. Hatujui ni nini, lakini tumevumbua."

Mwalimu wetu wa fizikia ni kijana, na ana tabia ya kuongea kama mtu wa mahakama. Alivuta kiti, akaangalia mstari ukisinzia, akasema, "Msilaumu kitu kabla ya kukihoji. Mshukiwa wa kwanza?"

"Kisanduku," nikanong'ona.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si chetu."

Alicheka, lakini akakubali. Tuling'oa nyaya za geji, mahali pake tukaunganisha rezista, kile kidude chenye mistari ya rangi ambacho hakipindwi na chochote. Tukangoja. Mstari ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo, ukabaki hapo. Tukahamisha rezista kwa mlango mwingine wa kisanduku, ukanyooka tena. Kisanduku kikaachiliwa huru. Mimi nilisikitika, kwa sababu kingekuwa na hatia tungekirudisha na kupewa kingine.

Tukahoji nyaya. Nilizitikisa moja moja huku rafiki yangu akiangalia skrini na kutangaza kama mtu wa mpira redioni. Mstari haukuruka. Ila tuligundua jambo lingine: kila mara kinu cha kusaga unga kule sokoni kilipowaka, mstari ulimea nywele. Ulikuwa mstari mzuri, halafu kinu kinanguruma, na unakuwa kama brashi ya chupa.

"Hizo nyaya zenu zimelala ovyo," mwalimu akasema. "Zinashika kelele. Zisokoteni pamoja."

Hapo rafiki yangu alikunja mikono ya sweta. Kwao wanawake wote ni wasusi, na yeye husuka nusu ya darasa kila wikendi. Alizikalisha zile nyaya mbele yake kama kichwa cha mtoto, akazisokota kuanzia kwenye geji mpaka kisandukuni, zikabana sawasawa. Kinu kikanguruma. Mstari haukumea hata unywele mmoja.

"Semeni ng'we!" akapiga kelele kwa maabara yote. "Nani amewahi kusuka umeme?"

Lakini bila nywele, tulimwona msinziaji vizuri zaidi. Paketi kwenye sahani, mstari juu, halafu kichwa kinaanza kuinama.

Mwalimu akashuku jua. Alitueleza kwamba chuma kikipata joto kinatanuka, na geji haijui kama imevutwa na mzigo au na joto. Ilikuwa hoja nzuri sana mahali pengine. Huku kwetu mwezi wa saba hakuna jua. Ukungu unashuka kutoka milima ya Nyandarua asubuhi, unakaa mpaka mchana, na mchana wenyewe ni rangi ya sufuria. Tulifunika chuma kwa katoni ya biskuti hata hivyo, tukangoja, tukachungulia. Kilisinzia ndani ya katoni, tena afadhali sasa kilikuwa na kitanda.

Kijana wa sungura alikuwa akipita hapo kila siku kuchukua maji ya wanyama wake. Yuko kidato cha nne na anatembea kama mtu mwenye shamba kubwa.

"Mizani imeamka leo?" alikuwa akiuliza.

"Nenda ukakate majani," rafiki yangu alikuwa akimjibu.

"Mimi wangu wakilala, wanaamka wakiwa saba."

Nilikuwa nainama nikijifanya natafuta kitu chini ya meza, maana nikimjibu mtu kama huyo jibu langu hufika kesho yake nikiwa njiani kwenda nyumbani.

Siku iliyofuata mwalimu aliingia na raba ya kufutia penseli. Nilidhani anataka kusahihisha kitu. Akaikandamiza taratibu juu ya geji, kwa wepesi, kama mtu anayejaribu kama parachichi limeiva. Mstari ukaruka. Akaondoa raba. Mstari haukurudi ulikotoka.

"Mmeona?" akasema. "Geji iliyoshika vizuri, ukiigusa hivi na kuachilia, inarudi mahali pake. Hii yenu inateleza. Chuma kinapinda, geji inavutwa kidogo, halafu inachoka inaachilia. Haijashika chuma. Imekaa tu juu yake kama mgeni ambaye hajavua koti."

Kwa hivyo mshukiwa akawa gundi. Nilifurahi, kwa sababu gundi ni kazi ya mikono na mikono ni mimi. Nilikwangua ile geji kwa wembe, nikasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, nikapangusa vumbi kwa karatasi ya chooni mpya, nikapapasa kwa kidole kuhakikisha pako laini. Nikabandika geji ya pili kwa gundi mpya kabisa ambayo rafiki yangu alitoboa mbele yangu. Nikaifinya mpaka kidole kikafa ganzi.

Ikasinzia. Afadhali hata ile ya kwanza ilikuwa ikisinzia kwa heshima. Hii iliporomoka.

Tulibaki na geji moja.

Sitaki kuandika sana kuhusu hiyo jioni. Rafiki yangu alisema labda sijui kubandika. Mimi nikasema labda gundi yake ni ya viatu. Yeye akasema angalau yeye anaongea, mimi ninyamaze tu kama sahani. Tulitembea barabara ile ile ya nyumbani, yeye upande huu mimi upande ule, na mahali tunapoachana hakuna aliyesema tuonane kesho. Nilipofika nilikamua ng'ombe huku nikimwambia maneno yote ambayo ningemjibu. Ng'ombe alionekana kuwa upande wangu.

Asubuhi ya Ijumaa nilifika maabara kabla ya watu wengi. Nilikuwa nimesafisha chuma tena jana yake, kikiwa tayari kwa geji ya mwisho, nikakiacha kimebanwa mezani. Dirisha la upande huo lina kioo kimoja kilichovunjika, na manyunyu yalikuwa yameingia. Chuma kilikuwa na maji. Nilianza kutafuta kitambaa, halafu nikaacha.

Karibu na kibanio, pale nilipokuwa nimesugua na kupapasa na kusugua, maji yalikuwa yamesimama kwa matone. Matone ya duara, yamejitenga kila moja na lake, kama umande juu ya jani la kabichi. Lakini mbele zaidi, mahali msasa ulikuwa umepita na hakuna aliyekuwa na sababu ya kushika, maji yalikuwa yamelala bapa, yametanda kama kitambaa kilicholowa.

Niliyaangalia matone. Halafu nikaangalia kidole changu.

Ni lazima nieleze kitu ambacho watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Wakati wa baridi hatuendi mahali bila kujipaka mafuta. Ngozi inapasuka, midomo inapasuka, na zaidi ya hapo ni aibu: uso uliopauka mwezi wa saba ni uso wa mtu asiye na mama. Na mafuta yenyewe si yale ya manukato. Ni yale mazito ya mkebe, ya kukamulia, ambayo tunapaka chuchu za ng'ombe zisikauke, na kwa kuwa yako hapo na yanafanya kazi, tunajipaka sisi pia, uso na mikono na miguu. Mimi hukamua kabla ya kwenda shule. Natoka zizini nikiwa nimepakwa mpaka kiwiko. Shuleni mkebe unazunguka darasani kama sahani ya sadaka. Hakuna mtu katika hiyo shule, mwezi wa saba, ambaye huwezi kumpata gizani kwa kumulika tochi.

Na mimi, baada ya kusugua chuma kwa uangalifu wote, baada ya kufuta kila chembe ya vumbi, nilikuwa nikipapasa kwa kidole kuona kama ni safi.

Rafiki yangu aliingia akiwa bado na uso wa jana.

"Ni sisi," nikamwambia.

"Sisi nini?"

"Tunaibandika juu ya mafuta. Angalia maji."

Akaangalia. Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma. Halafu akafanya kitu ambacho ndicho kinanifanya nimpende: alishika upande ule safi wa chuma kwa kidole gumba, akaachilia, akachovya maji akayadondosha hapo. Yakasimama matone. Umbo la kidole chake, kamili, na maji yamekataa kulikanyaga.

"Aiii!" akasema. "Si nilikuambia hujui kubandika!"

"Ulisema hivyo."

"Basi ni ng'ombe yenu haijui kubandika. Nisamehe."

Mwalimu alipokuja tulimwonyesha. Alikunja mkono wake, akautazama ukimeta chini ya taa, akausugua kwa suruali, akautazama tena. "Kumbe mshukiwa," akasema hatimaye, "tumekuwa naye chumbani wakati wote, na amejipaka vizuri."

Sabuni peke yake haingetosha, akasema. Inahitajika dawa ya kuyeyusha mafuta, na spiriti ya maabara ilikuwa imekwisha, kidato cha nne waliimaliza kwa majaribio yao. "Tafuteni asetoni. Akina mama wa kucha wanayo. Ile ya kutoa rangi."

Rafiki yangu alikuwa na ruracio ya shangazi yake Jumamosi, siku ya kuletewa mahari. Kwao hakuna kukosa ruracio, hata ukiwa na geji. Kwa hivyo aliyetumwa mjini ni mimi, peke yangu, kuongea na mtu nisiyemjua kuhusu kucha.

Nilishukia Nyeri nikaenda Majengo, maana huko ndiko vibanda vya urembo viko vingi. Chini kidogo ya msikiti kuna kibanda cha mama mmoja, chupa za rangi zimepangwa kutoka nyeupe mpaka nyeusi, yeye mwenyewe ana hina mpaka kwenye vifundo. Wanawake wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja kucha zikauke, vidole vimetandazwa. Nilipita. Nikageuka nikapita tena. Nilikuwa nimetunga sentensi yangu tangu nyumbani, na kila nikikaribia inapoteza kichwa.

"Mwanangu," yule mama akaita, "utamaliza barabara yetu. Wataka nini?"

"Asetoni," nikasema. "Ya kutoa rangi."

"Kucha zi wapi?"

Nikaficha mikono. "Si ya kucha. Ni ya chuma."

Wale wawili wa benchi wakacheka mpaka mmoja akaharibu kidole. Yule mama hakucheka, alishangaa tu. Akanipa chupa ya waridi. "Chukua hii. Nzuri, ina mafuta ndani, haikaushi."

Hapo ndipo ningelipa na kwenda zangu. Siku nyingine zote za maisha yangu ningelipa na kwenda zangu, na nikifika nyumbani nilie. Lakini niliona paketi ya unga kwenye sahani na mstari ukiinama, nikaona gari la shule likiondoka limejaa sungura.

"Mimi nataka isiyo na mafuta," nikasema. "Hata kidogo. Hata ya harufu."

"Isiyo na mafuta? Itakukausha hiyo!"

"Ndiyo. Hiyo ndiyo nataka. Inikaushe."

"Haya makubwa," akasema, akainama chini ya meza. "Wateja wangu wote wanaomba laini, huyu anaomba kali." Akatoa chupa isiyo na rangi wala picha ya ua. "Hii ni ya kutolea kucha za bandia. Ikikugusa midomo utajuta."

Nikamuuliza, na sijui nilitoa wapi ujasiri, kama naweza kudondosha tone kwenye kioo chake. Akanisogezea kioo cha wateja. Niliweka tone la ile ya waridi na tone la ile kali, nikapulizia. Ile kali ilikauka ikaenda kabisa, kana kwamba haikuwahi kuwapo. Ya waridi iliacha duara lenye rangi za upinde wa mvua. Wale wa benchi wakainama kuangalia, vidole vimeinuliwa juu kama watu wamekamatwa na askari.

"Basi hiyo ndiyo inatuachanga na utelezi," mmoja akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema, kama daktari, nikanunua ile kali nikaondoka haraka kabla sauti haijashuka tena.

Jumatatu asubuhi nilikataa kujipaka. Mama alisimama mlangoni na mkebe.

"Kuja hapa."

"Mami, leo siwezi. Ni kwa ajili ya geji."

"Geji ni nani? Ni kijana?"

"Ni ya mizani!"

"Na watu wakikuona hivyo watasema nimekufa. Paka uso basi, mikono uache."

"Nitajishika uso nisahau."

Alinitazama nikiondoka kama ananipeleka vitani. Kwa lango la shule nilimkuta rafiki yangu amepauka kama mkaa uliozimika, magoti meupe, midomo imekauka. Tulipoonana tulishindwa kutembea kwa kucheka. Darasani waliuliza kama tumetoka kusaga mahindi. Mtu alituwekea mkebe mezani kwa huruma.

Saa ya mapumziko tulinawa kwa sabuni ya vyombo mpaka vidole vikawa kama vya bibi. Nilisugua chuma kwa msasa, nikapangusa kwa pamba yenye asetoni, upande mmoja tu kila mara, nikitupa pamba na kuchukua nyingine mpaka ya mwisho ikatoka nyeupe. Rafiki yangu akadondosha tone la maji pembeni. Likatanda. Tuliogopa kupumua. Nikapitisha asetoni mara ya mwisho, nikashika geji kwa utepe wa kunata bila kuigusa, nikaibandika kwa tone la gundi. Mwalimu akarudia raba yake: mstari ukaruka, ukarudi pale pale.

Naibu alikuja mchana. Nyuma yake alikuja kijana wa sungura amebeba mnyama mkubwa wa kijivu chini ya kwapa, na nyuma yake nusu ya klabu ya kilimo. Rafiki yangu alianza kusalimu na kueleza. Nikaweka paketi ya unga. Mstari ukapanda na kukaa. Tuliungoja. Ulikaa. Nilikuwa nimeshazoea sana kuuona ukiinama hivi kwamba ulivyosimama wima ulionekana kama una kiburi.

"Na hii karatasi ndogo ndiyo inajua yote hayo?" naibu akauliza. Akainama, akanyoosha kidole. Kidole kinene, kimepakwa, kinameta, kikielekea moja kwa moja kwa geji yetu ya mwisho.

"Mwalimu usiguse!"

Sauti ilikuwa kubwa. Niligeuka kuona ni nani. Wote walikuwa wananiangalia mimi.

Naibu aliacha kidole hewani. Katika shule yetu hakuna mwanafunzi anayemwambia naibu usiguse. Hata sungura alitulia.

"Kwa nini nisiguse?" akauliza, polepole.

Rafiki yangu alifungua mdomo, halafu, nilimwona, akaufunga. Akanitazama.

"Kwa sababu umejipaka mafuta," nikasema. "Sisi wote tunajipaka. Tulikuwa tunaibandika juu ya mafuta, kwa hivyo ilikuwa inateleza, tukadhani ni kisanduku, halafu tukadhani ni waya, halafu jua, na jua hatuna." Mtu alicheka, nikaendelea. Nilimweleza kuhusu rezista na kinu cha unga na nyaya zilizosukwa. Nikampa raba nikamwonyesha namna ya kukandamiza. Nilimwambia aweke kidole chake upande wa mbele wa chuma, pale pasipo na geji, halafu nikadondosha maji juu ya alama yake. Yakasimama matone. Naibu akainama mpaka miwani ikakaribia kuanguka.

"Kwa hivyo hicho ni kidole changu," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Kimekataa maji."

"Ndiyo, mwalimu."

Halafu akageukia kijana wa sungura. "Lete huyo tumpime."

"Mwalimu, huyu hajazoea—"

"Lete."

Tuliondoa unga tukamweka sungura ndani ya karai kwenye sahani. Mstari ulipanda ukaanza kutetemeka, juu chini juu chini, upesi upesi. Tulidhani ni kinu. Lakini kinu kilikuwa kimezimwa. Sungura alikuwa amejikunyata bila kusogea, mbavu tu zikienda, na mstari ukienda nazo.

"Anapumua," nikasema. "Inaonyesha anavyopumua."

Kijana wa sungura alisukuma watu akaja mbele ya skrini. Alisahau kwamba yuko upande mwingine. "Wee! Huyo ni yeye?" Akapiga mluzi kidogo, sungura akashtuka, mstari ukaruka mpaka juu ya skrini. Klabu nzima ya kilimo ikashangilia kama ni wao walioshinda.

Naibu alijinyoosha. Aliangalia mizani, akaangalia sungura, akaangalia nyuso zetu zilizopauka, na nadhani alitaka kuuliza jambo kuhusu hizo nyuso akaacha.

"Mizani itaenda," akasema. "Na huyu msichana aliyenikataza ndiye ataeleza. Mwenzake atasalimu watu."

Rafiki yangu aliruka akapiga goti lake kwa meza. Watu walikuja kunipiga mgongoni, na kijana wa sungura akasema tutamhitaji yeye kumshika mnyama, basi afadhali garini ipatikane nafasi ya nusu mtu. Nilisema ndiyo kwa kila mtu. Halafu nikaomba ruhusa, nikaenda nyuma ya matangi ya maji mahali hakuna mtu, nikaketi juu ya jiwe na kucheka peke yangu kwa sauti, ile sauti kubwa, kusikia kama bado iko.